Nasaba ya Ugonjwa Uliomuua Mama

Watu wakihadithia kisasi huanza kwa kujitetea. Mimi sijitetei. Nilitaka kumuumbua mjomba wangu mbele ya Mwabungo nzima, nilitaka aone haya mpaka ashindwe kuinua macho njiani, na nilitumia kazi yangu kumfikia ingawa kazi yenyewe ilinikataza. Atakayeniona mbaya kwa hilo na anione hivyo hivyo.

Mama alikuwa mwosha. Mwanamke akifa kijijini kwetu Mwabungo, au Galu, yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuja kumwosha kabla ya kuvikwa sanda. Alikuwa na mkoba wake wa turubai, na ndani yake mlikuwa na glavu, pamba, karafuu maiti na majani makavu ya mkunazi. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja huosha na mwingine humwaga maji, na aliyekuwa akimmwagia mama maji kwa miaka yote ile alikuwa jirani yetu, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene. Mama alikuwa na sheria moja tu ambayo haikuwa na mjadala: alichokiona kwenye kitanda cha kuoshea hakukitamka nje. Kovu, mimba, alama za kipigo, chochote. Tulipokuwa wadogo tulimchokoza atuambie japo kimoja, naye alitutazama kana kwamba tumetukana, kisha akaendelea kuchambua mchele.

Mimi ndiye niliyesoma zaidi nyumbani. Nafanya kazi katika maabara moja ng'ambo ya kivuko cha Likoni, na wakati wa korona kazi yetu ilikuwa kusoma vinasaba vya kirusi. Mama aliniuliza mara nyingi maana ya kazi hiyo, na jibu lililomtosha lilikuwa la chuo cha Kurani. Nilimwambia afikirie watoto wa chuoni wananakili sura, kila mmoja kutoka kwenye ubao wa mwenzake. Mmoja akikosea herufi, atakayenakili kwake atalirudia kosa lile, na wa baada yake atalirudia pia na huenda akaongeza lake. Ukizikusanya mbao zote, kwa kuyatazama makosa peke yake utajua nani alinakili kwa nani. Kirusi nacho kikishaingia mwilini hujinakili mara nyingi mno, na mara moja moja hukosea herufi. Sisi tunayasoma makosa hayo na kuyapanga, tunapata nasaba: hiki kimetoka kwa kile, na hivi viwili ni ndugu.

"Kumbe mnafukua ukoo," alisema mama. "Sasa hiyo si kazi ya wazee wa Kidigo? Mashine ya nini?"

Alicheka mpaka akakohoa, na kwetu Mwabungo wakati huo kukohoa kulikuwa bado si habari.

Mjomba wangu alikuwa kaka yake wa pekee. Ana nyumba za wageni kule Diani, yumo katika kamati ya msikiti, na ana sauti isiyohitaji kipaza sauti. Kwetu Wadigo mjomba si mtu wa kutembelewa Idi tu. Ndiye mwenye neno. Mjomba ndiye aliyeisimamia ndoa yangu, na ndiye aliyesimama kuivunja, na mara zote mbili alizungumza yeye kuliko mimi. Sikumchukia wakati huo. Nilimheshimu kama tulivyofundishwa.

Katika mwaka wa pili wa korona, aina mpya ya kirusi, ile iliyoitwa Delta, ilikuwa ndiyo kwanza inaingia nchini. Mwabungo bado watu walikuwa wakiugua aina ya zamani. Wiki hiyo alifariki bibi mmoja mzee, jirani wa nyumba ya tatu. Alikuwa amepimwa kwenye zahanati siku mbili kabla ya kufa lakini majibu yalikuwa hayajatoka, basi mama akaitwa, akamwosha kama alivyowaosha wengine wote. Siku hiyo hiyo jioni mjomba aliwasili kutoka Nairobi, ambako alikuwa amekwenda kumchukua binti yake wa pekee aliyekuwa akisoma huko. Mama alioga, akabadilisha nguo, akaenda kuwapokea kama ilivyo ada. Watu walimwona akiingia.

Majibu ya yule bibi yalipotoka yalisema korona. Baada ya juma moja mke wa mjomba akawa hawezi kuinuka. Mama alikwenda kwa shemeji yake siku nne mfululizo kumkanda kwa kitambaa cha maji na kumlisha uji. Siku ya tano mgonjwa alifariki nyumbani kabla gari la wagonjwa halijafika.

Mama alichukua mkoba wake akaenda kumwosha. Mjomba alimkuta penye lango la ua, na matanga yalikuwa yameshajaa, wanaume barazani na wanawake uani. Mimi sikuwapo. Niliyoyajua niliambiwa na watu wanne tofauti, na wote walinipa maneno yale yale.

"Dada, rudi kwako," mjomba alimwambia. "Ugonjwa huu umetuletea wewe. Umetoka kuosha maiti ya korona, ukaja kumshika mke wangu kwa mikono hiyo hiyo. Hutamgusa tena."

Mama hakujibu neno. Alisimama kidogo, akageuka, akarudi. Yule jirani mwenye sauti nene ndiye aliyeingia kumwosha marehemu badala yake, akamchukua mwanamke mwingine amwagie maji.

Kuanzia siku ile mama alitengwa. Muuza duka alimsukumia unga kwa mpini wa ufagio. Watoto waliitwa ndani alipopita. Nilimpigia simu nikamwambia aje akae kwangu, akasema hawezi kuondoka wakati nduguye yumo matangani. Nduguye! Nilimwambia huyo si ndugu, amekuvua nguo mbele ya halaiki. Akaniambia, "Mwanangu, wacha. Ana msiba." Siku ya tano baada ya hapo alipandwa na homa, na kabla ya juma la pili kwisha alinifia hospitalini.

Afisa wa afya alinieleza kwa upole kwamba anaweza kuoshwa, mradi waoshaji wavae mavazi ya kujikinga, na mavazi hayo yapo ya watu wawili. Nilimpigia simu yule jirani. Iliita mpaka ikakatika. Niliwapigia wanawake wengine sita ambao mama aliwaoshea mama zao. Wawili walisema wako safarini, na mmoja wao nilimsikia jogoo wake ninayemjua akiwika nyuma yake. Basi nilimwosha mwenyewe, maana ndugu zangu ni wanaume watupu. Nilikuwa sijawahi kuosha maiti. Nilimwaga maji kwa mkono mmoja na kuosha kwa mkono mwingine, ndoo ikaniponyoka, nikapoteza hesabu ya mara ngapi upande wa kulia na mara ngapi wa kushoto, nikaanza upya. Mwanamke aliyewaosha kijiji kizima kwa utaratibu aliondoka duniani kwa josho la kubahatisha.

Niliyoyaona pale siyasemi.

Mjomba hakuja kuzika. Alikuwa msikitini, na baada ya sala aliwaambia watu kwamba kifo kimerudi kilikotoka. Hayo nayo niliyapata kwa watu wanne.

Nilirudi kazini na nia moja. Nilitaka kujua nani alimpa mama ugonjwa ule, kisha nimlazimishe mjomba ayatapike maneno yake mbele ya wale wale aliowaambia. Sikula vizuri, sikuzungumza na mtu, na wenzangu walidhani ni huzuni. Huzuni ilikuwapo. Lakini iliyoniamsha asubuhi ilikuwa hasira, na nakiri ilinipa nguvu kuliko chai.

Sampuli za Kwale zilitufikia zikiwa ndani ya kasha la barafu. Hazina majina. Kila kijichupa kina namba, na kwenye orodha kuna umri, mwanamke au mwanamume, mahali, tarehe na sababu ya kupimwa. Sheria yetu ni kwamba hatutafuti mwenye namba. Mimi sikuhitaji kutafuta. Mwanamke, umri wa mama, Mwabungo, tarehe ya mama. Nilikishika kile kijichupa, nacho kilikuwa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho. Nililia ndani ya barakoa, nikavua glavu, nikavaa nyingine, nikaendelea na kazi.

Mashine inapomaliza kusoma huleta herufi tupu, mistari na mistari. Nilianza na yule bibi jirani, yule ambaye mama alimwosha. Kirusi chake kilikuwa cha ile aina ya zamani. Cha mama kilikuwa Delta. Havikuwa mtoto na mzazi, havikuwa hata binamu. Mama hakuchukua chochote kwenye kitanda kile cha kuoshea, na hakumpelekea mtu chochote kutoka pale. Nilicheka kwa sauti. Mwenzangu wa meza ya pili aliinua kichwa, nikamwambia nimekumbuka jambo.

Kisha nikaja kwa mke wa mjomba, ambaye watu wa gari la wagonjwa walimchukua sampuli walipomkuta ameshafariki. Delta. Makosa yake yote ya kunakili yalikuwamo pia katika kirusi cha mama, na cha mama kilikuwa kimeongeza kosa moja. Maana yake mama aliupata kwa shemeji yake, katika zile siku nne za kumkanda. Hadi hapo nilikuwa na ya kutosha kumsafisha mama. Lakini niliendelea kushuka na orodha, na nikamkuta mwanamume wa umri wa mjomba, Mwabungo, aliyepimwa zahanati ya Ukunda. Sababu ya kupimwa: cheti cha safari. Mjomba alikuwa akijiandaa kwenda Dubai kuagiza samani za nyumba zake, na aliwaambia watu kwamba ameahirisha kwa sababu ya kazi. Tarehe ya kipimo ilikuwa siku tatu kabla mkewe hajalala. Kirusi chake kilikuwa na makosa yote ya kirusi cha mkewe, pungufu ya moja.

Nilichora. Mjomba, mkewe, mama. Kosa moja likaongezeka, kisha jingine. Na mjomba alikuwa na majibu mkononi siku zote zile. Aliposimama langoni na kumnyooshea dada yake kidole, alijua.

Mkuu wa kitengo chetu ni mwanamke wa bara, mtu wa subira, mwenye kupenda kusimama nyuma ya kiti chako bila kusema. Alisimama nyuma yangu.

"Mbona umechora watu watatu peke yao?" aliuliza.

Niliufunika mchoro kwa kiganja. Alikuwa anajua kwamba nimefiwa.

"Skiza," alisema. "Huu mchoro hausemi nani alimpatia nani. Unasema hizi virusi ziko karibu, basi. Hapo katikati, na hata hapo mwanzo, kunaweza kuwa na watu hatukuwahi kuwapima. Unajua hiyo kuliko mimi. Na ukitoka na hiyo karatasi kwa mlango, mimi siwezi kukutetea."

Nilimwambia nimeelewa. Kesho yake niliuchapa ule mchoro, nikaukunja mara nne, nikatoka nao.

Mjomba alikuwa ameketi barazani kwake baada ya sala ya alasiri, barakoa imeshuka kidevuni. Nilimwamkia. Shikamoo ni shikamoo, hata kwa mtu unayetaka kumzika akiwa hai.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole kwa msiba wetu."

Wetu! Nilikaa, nikaifungua karatasi juu ya meza, nikamweleza kama nilivyomweleza mama, kwa mbao za chuoni. Nilikiweka kidole kwenye nukta ya yule bibi, mbali kabisa pembeni. Nikakiweka kwa mama, nikapanda kwa mkewe, nikapanda kwake. Nikamtajia tarehe ya Ukunda. Niliyasema polepole ili asiweze kudai baadaye kwamba hakusikia vizuri.

Alinywea. Mwili ule mkubwa ulikaa kwenye kiti kama nguo iliyovuliwa. Swali lake la kwanza halikuwa la mama.

"Nani mwingine ameiona?"

"Wewe ndiye wa kwanza. Inategemea wewe kama utakuwa wa mwisho."

Aliitazama karatasi kwa muda mrefu, hasa pale juu kwenye nukta yake. Kisha akasema, "Mama yako alijua."

Nilimwuliza alijua nini.

"Jioni nilipopewa majibu nilimpigia simu. Nilimwambia kila kitu. Mke wangu alipolala, nilimwomba aje, maana sikuwa na mwingine wa kumwomba. Akaja. Akaniapia kwamba hatasema, na hakusema."

Kwa hiyo mama aliingia nyumba ile akijua mna nini ndani yake. Alipotukanwa langoni alikuwa na jibu mdomoni, jibu la kumwangusha mjomba pale pale, naye akalimeza akarudi nyumbani kusukumiwa unga kwa mpini wa ufagio.

"Mtu amekufichia siri," nilisema, "ukamlipa kwa kumpaka matope?"

"Watu walikuwa wanauliza, mwanangu. Ilibidi waambiwe kitu."

"Ukawaambia mama."

Nilimpa masharti yangu. Ijumaa, baada ya sala, angechukua kipaza sauti cha msikiti mwenyewe, vipaza vya nje vikiwa wazi, na angesema kwamba dada yake hakuleta ugonjwa, kwamba aliuleta yeye, na kwamba alijua akanyamaza. Asiposema, ningemketisha binti yake na kumweleza hatua kwa hatua jinsi mama yake alivyoupata.

Hapo ndipo nilipoona hofu ya kweli. Alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Binti yangu mwache," alisema. "Nitasema msikitini, nitasema popote unapotaka. Lakini yeye usimwambie neno. Niahidi."

"Mimi sitamwambia," nilisema.

Niliahidi kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu nilijua vipaza vya msikiti vinasikika mpaka jikoni kwake. Binti angeyasikia kutoka kwa baba yake mwenyewe, na ahadi yangu isingevunjika. Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja. Nilijiambia yeye amenichukulia mama, na mimi nimchukulie macho ya mwanawe.

Ijumaa nilikaa uani kwa mama. Sala ilikwisha, kukawa na ile kelele ya kipaza kushikwa vibaya, kisha sauti yake.

"Ndugu zangu Waislamu, nina neno. Dada yangu hakumletea mtu ugonjwa. Ugonjwa nimeuleta mimi kutoka Nairobi. Nilipimwa nikajua, nikanyamaza, nikamsingizia. Amekufa na aibu ambayo ni yangu. Namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe, nanyi mnisamehe."

Nilifurahi. Sitaki kulipamba jambo hili. Nilifurahi kama mtu anayekunywa maji baada ya saumu ya siku ya jua kali. Niliposikia sauti yake inakatika pale kwenye neno aibu, nilitamani arudie.

Kijiji kina haraka ya kutubu kikishajua nani wa kulaumiwa. Kabla ya alasiri wanawake walikuwa wameshafika kwangu, yule jirani mwenye sauti nene akiwa mbele, analia. Alitaka radhi. Aliniambia aliogopa.

"Mlango wa mke wa mjomba hukuuogopa," nilimwambia. "Uliogopa wa mama."

Waliomba waje wamsomee hitima Jumapili. Nikawaambia njooni. Wakaja, ua ukajaa mabuibui, wakasoma vizuri kwa kweli, na walipomaliza walikaa wakingoja sinia. Hakukuwa na sinia. Sikuwa nimewasha moto. Hakukuwa na pilau, hakukuwa na mahamri, hakukuwa hata na kahawa. Kwa watu wa pwani hilo ni tusi lisilohitaji maneno. Nilisimama mlangoni nikawashukuru mmoja mmoja kwa adabu zote, nao wakapita wakiwa na midomo mikavu. Mpaka leo hawajasahau, na sitaki wasahau.

Aliyebaki nyuma alikuwa binti ya mjomba. Sikumwona alipoingia. Alikuwa ameketi karibu na pipa la maji, uso umevimba, na nilijua kwamba Ijumaa alisikia kila neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa wakati huu. Nilidhani atakuja kunilaumu, na nilikuwa na majibu.

"Dada," aliniambia, "baba anasema umeona kwenye mashine. Ni kweli inaonyesha nani alianza?"

"Inaonyesha."

"Nataka kuiona."

Nikaenda kuileta ile karatasi. Aliishika bila kuitazama.

"Mimi nilianza kukohoa huko huko Nairobi," alisema. "Hosteli, chumba chetu kizima kilikuwa kinakohoa. Baba alipokuja kunichukua alikuwa mzima. Njia nzima tulikuja na vioo vimefungwa, maana nilikuwa nasikia baridi. Nilipofika nililala na mama kitanda kimoja. Nilikuwa sijamwona miezi minane, dada. Nikamkumbatia usiku kucha na mafua yangu. Hakuna aliyenipima, sikutoka nje. Mama alipozidiwa, shangazi alikuwa akimaliza kumkanda anakuja chumbani kwangu kunikanda miguu. Nikamwuliza, shangazi, hii si ile? Akasema hapana, mafua tu ya Nairobi. Na baba akasema vivyo hivyo."

Niliketi chini kwenye saruji. "Nilimwambia kila kitu," mjomba alikuwa amesema pale barazani, nami nilikuwa na haraka ya kumchoma hata sikumwuliza kila kitu ni nini. Siri ambayo mama aliimeza langoni haikuwa ya kaka yake. Ilikuwa ya huyu mtoto. Wote wawili walikubaliana asijue kamwe kwamba alimkumbatia mama yake akamuua, na mama akaenda kaburini na makubaliano hayo. Na kwenye mchoro wangu, juu ya nukta ya mjomba, palikuwa na nafasi tupu, na niliambiwa kazini kwamba nafasi kama hiyo huwapo.

Hata hapo sikumwonea huruma mjomba. Angeweza kusema tangu siku ya kwanza kwamba aliuleta yeye. Mwanawe angekuwa salama vile vile, na dada yake angeheshimiwa. Alikuwa na mgongo mpana wa kuubeba uongo ule, akaona heri aubebe mama. Nilichokitaka Ijumaa bado nilikitaka Jumapili.

"Basi ni mimi," alisema binti. "Si ndivyo?"

Nilimtazama. Neno moja lingetosha. Ningeweza kusema ukweli wa kazi yangu, kwamba karatasi hiyo haijui, kwamba huenda ni yeye na huenda siye, na hiyo "huenda" ingemtafuna maisha yake yote, na mjomba angekaa akitazama. Lilinijia wazo hilo, na lilikaa kwangu muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nilikichukua kidole chake nikakiweka juu ya nukta ya kwanza.

"Huyu ni baba yako," nilisema. "Aliuchukua huko huko Nairobi kwa mtu mwingine. Wako wewe yalikuwa mafua. Hakuna mtu kabla yake hapa."

"Una hakika?"

"Mashine haikosei."

Nilikuwa sijawahi kusema uongo juu ya kazi yangu. Alilia, na nilimwona akitulia ndani ya kilio chenyewe, mabega yakishuka. Kisha akakausha uso, akaitazama nukta ile tena, na kitu kingine kikaingia machoni mwake. Nilikijua. Nilikuwa nacho mimi miezi miwili.

"Alimkuta mama mzima," alisema. "Akajua, akanyamaza. Sitamsamehe, dada."

Hakurudi kwake. Alikwenda kwa ndugu za mama yake kule Samburu ya Kwale, na mpaka leo hapokei simu ya baba yake. Kazini habari zilifika, nikaondolewa kwenye mashine nikapelekwa kupokea makasha na kuandika namba. Sikulalamika. Mjomba aliacha kamati, akaacha na nyumba za Diani zisimamiwe na watu, na akienda msikitini hukaa safu ya nyuma. Hayo yote ndiyo niliyoyataka, na niliyapata zaidi ya nilivyoomba.

Nilikutana naye mara moja tu, Ukunda, nje ya duka la dawa. Amekonda. Nilikusudia kupita bila kumwamkia, aone jinsi inavyokuwa. Lakini yeye ndiye aliyesimama, akaivua kofia yake, mtu mzima mbele ya mtoto wa dada yake.

"Mwanangu aliniandikia ujumbe mmoja tu alipoondoka, akaniambia ulivyomjibu," alisema. "Kwamba hakuna mtu kabla yangu. Ahsante. Mungu akulipe."

Nilivuka barabara, nikasimama upande wa pili kwenye kivuli cha kibanda cha simu, nikamtazama akiondoka na karatasi yake ya dawa. Nilimnyang'anya kila alichokuwa nacho, na amenishukuru, na alikuwa akimaanisha. Hilo ndilo ambalo mpaka leo nashindwa kumsamehe.